Jino la mtoto limetoboka: utulize, uzibe au ung'oe?

Saa nane za usiku. Mtoto wa miaka minne ameamka, kashika shavu, analia kilio ambacho mama anakitambua kuwa si cha njaa wala cha ndoto mbaya. Nyumba nzima inaamka naye. Bibi anauliza kama karafuu zipo jikoni. Baba anatafuta viatu akagonge dirisha la duka la dawa. Jirani, ambaye ukuta wake na wenu ni mmoja, anasema kutoka upande wa pili kwamba hilo ni jino la utoto tu, likang'olewe asubuhi mambo yaishe. Kila mmoja anampenda mtoto, na kila mmoja ana hoja yake.

Nimekesha usiku wa namna hiyo hapa Tabora mara mbili, kwa watoto wawili, na kila mara nilichagua njia tofauti. Kwa wa kwanza nilituliza tu: parasetamoli, karafuu, maji ya chumvi, kisha dozi ya amoksilini niliyonunua bila kuandikiwa na mtu. Baada ya wiki tatu jino likanyamaza kabisa, nikamshukuru Mungu. Miezi miwili baadaye shavu likavimba mpaka jicho likawa dogo. Tabibu wa meno alimwangalia, akaniambia kwa upole: "Mama, jino hili halikupona. Lilikufa." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nianze kuuliza na kusoma. Kwa mdogo wake nilikwenda mapema, shimo likiwa bado dogo, na lile jino liko kinywani mwake mpaka leo, analitafunia mahindi ya kuchoma.

Naandika kwa mzazi aliyekwama kati ya njia hizi. Nimezigawa mafungu mawili, maana hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Zipo njia za kumpatia mtoto usingizi usiku huu, na zipo njia za kulishughulikia shimo lenyewe. Dawa nzuri ya usiku inaweza kukufanya usahau safari ya asubuhi.

Vigezo: tunapima kwa nini

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni jino limefika wapi. Jino la mtoto lina ganda jembamba kuliko la mtu mzima, na kiini chake, yaani ile nyama laini ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ni kikubwa na kiko karibu na juu. Ndiyo maana shimo unaloliona dogo wakati wa mfungo laweza kuwa limefika kiinini kabla ya mfungo mwingine. Bakteria wa kinywani hula sukari, hutoa tindikali, na tindikali hulainisha ganda. Huanza kama doa jeupe lisilong'aa karibu na fizi, kisha hugeuka kahawia, kisha huwa tundu. Hakuna mdudu ndani ya jino, ingawa wengi tumekua tukiambiwa yupo.

Sikiliza jino linauma namna gani. Mtoto akilalamika anapokula ubuyu au kunywa maji baridi, na maumivu yakaisha mara tu kile kitu kikitoka, mara nyingi kiini bado ni kizima na jino linaweza kuzibwa. Maumivu yakija yenyewe, yakimwamsha usiku, au yakikaa muda mrefu baada ya kula, kiini kimeshashambuliwa. Ukiona kijipu kwenye fizi, kama chunusi inayotoa usaha, au shavu limevimba, kiini kimekufa na uchafu umeingia kwenye mfupa. Jino lililokuwa likiuma sana kisha likanyamaza bila kutibiwa liweke kwenye kundi hilo la mwisho mpaka tabibu akuambie vingine.

Cha pili ni umri, na jino lenyewe ni lipi. Meno ya utoto ni 20. Ya mbele huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka 6 au 7, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Kwa hiyo yule anayesema "litang'oka lenyewe" anaweza kuwa anazungumzia miezi michache, au anazungumzia miaka saba ya mtoto kutafunia upande mmoja.

Vigezo vingine vinaeleweka bila maelezo marefu: njia hii inagusa chanzo au inatuliza tu, ina hatari gani kwa mwili mdogo, inahitaji safari na fedha kiasi gani, na mtoto ataweza kuivumilia.

Fungu la kwanza: njia za usiku huu

*Parasetamoli na ibuprofeni za maji*

Kazi yake: hizi ndizo zenye uhakika zaidi wa kupunguza maumivu. Dozi hupimwa kwa uzito, si kwa kukisia kimo cha mtoto. Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku nzima ya saa 24. Chupa nyingi za watoto zina miligramu 120 katika mililita 5, hivyo mtoto wa kilo 12 hupewa mililita 5 mpaka 7 na nusu. Soma chupa yako kwanza, maana zipo zenye nguvu tofauti. Ibuprofeni ni miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi mara tatu kwa siku, na apewe akiwa amekula. Faida yake ni kwamba inapunguza pia uvimbe. Zote mbili zinamezwa. Kuponda kidonge na kukipaka kwenye fizi kunaiunguza tu.

Hatari yake: parasetamoli ikizidi huharibu ini. Kosa la kawaida ni kumpa mtoto parasetamoli pamoja na dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Ibuprofeni haimfai mtoto anayeharisha au kutapika na kupungukiwa maji, mwenye tetekuwanga, wala mwenye pumu ambaye dawa za aina hiyo zimewahi kumbana kifua, wala mtoto chini ya miezi mitatu. Asprini asipewe mtoto kabisa, na vidonge vya diklofenaki vya watu wazima viacheni kabatini.

Gharama na safari: zinapatikana karibu kila duka la dawa muhimu, mpaka vijijini.

Inamfaa nani: karibu kila mtoto mwenye maumivu, usiku wa kwanza na wa pili. Haigusi shimo hata kidogo. Ukijikuta unamnunulia chupa ya pili, jino limeshakujibu.

*Karafuu*

Hii naiheshimu. Mabibi zetu hawakukosea: ndani ya karafuu mna yujenoli, kitu kinachotia ganzi, na madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi wakiichanganya na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuziba kwa muda. Kwa hiyo bibi akisema karafuu inatuliza, anasema kweli.

Hatari yake iko kwenye umbo na umri. Mafuta ya karafuu ya chupa ni makali sana. Yakigusa fizi au ulimi wa mtoto huunguza, na akiyameza, hata kiasi kidogo kinaweza kumdhuru ini na kumletea degedege. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukaa kinywa wazi ukampaka shimoni tu. Na karafuu nzima kwa mtoto mdogo ni kitu cha kupaliwa nacho.

Gharama yake ni ndogo na ipo sokoni.

Inamfaa nani: mtoto mkubwa kidogo, wa miaka saba au nane, anayeweza kung'ata karafuu moja karibu na jino kisha akaitema. Kwa aliye chini ya hapo, mimi ningeiacha. Bibi akisisitiza, mpe kazi nyingine ya kumtuliza mjukuu, maana mapaja ya bibi nayo ni dawa usiku.

*Maji ya chumvi na kitambaa cha baridi*

Nusu kijiko cha chai cha chumvi, ya Uvinza au yoyote, kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Asukutue, ateme. Husafisha mabaki ya chakula shimoni na kupunguza wekundu wa fizi. Anayeweza kusukutua bila kumeza kwa kawaida ameshafika miaka mitano au sita. Mdogo zaidi yake msafishe tu kwa mswaki laini na maji, uondoe chakula kilichonasa. Mara nyingine ni punje ya mahindi iliyokwama inayolisha kilio chote. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi, kikawekwa juu ya shavu kwa dakika kumi, husaidia nacho. Usiweke kitu cha moto kwenye shavu lililovimba.

Haina hatari wala gharama, na haitoshi yenyewe. Iweke pamoja na dawa ya maumivu.

*Antibiotiki za dukani*

Hapa nina uchungu, kwa sababu nilifanya hivyo mwenyewe. Amoksilini haitulizi maumivu ya jino. Kama kiini ndicho kinachouma na hakuna uvimbe wala homa, dawa hiyo haina kazi pale, na shimo linabaki wazi, chakula kinaingia kila siku. Kama kuna uvimbe unaosambaa au homa, antibiotiki ina nafasi yake, ikiandikwa na tabibu kwa dozi ya uzito, na jino lenyewe lishughulikiwe. Bila hilo usaha unarudi dozi ikiisha, au hata kabla. Na kila dozi isiyohitajika inawafundisha bakteria kuizoea dawa ambayo mtoto huyohuyo ataihitaji siku atakapougua nimonia.

Inamfaa nani: aliyepimwa na kuandikiwa. Basi.

*Vitu vya kuacha*

Mkoa wetu ni wa tumbaku na asali, na vyote viwili huishia kwenye meno ya watoto. Ugoro au jani la tumbaku likishindiliwa shimoni huingiza nikotini kwenye mwili wa kilo kumi na tano. Kutapika na kuzimia si ajabu. Asali, hata ile nzuri ya Sikonge, ni sukari kwa jino lililotoboka, na kwa mtoto chini ya mwaka mmoja ni hatari hata kama hana jino bovu. Maji ya betri, petroli na spiriti huunguza fizi na koo. Jeli za kutia ganzi zenye benzokeni zisipakwe kwa mtoto chini ya miaka miwili, maana zinaweza kuifanya damu yake ishindwe kubeba hewa ya oksijeni.

Na kwa kuwa tunazungumzia meno ya watoto, niseme na hili: hakuna ugonjwa wa "meno ya plastiki", au "ya nailoni". Kile kivimbe cheupe kwenye fizi ya mtoto mchanga anayeharisha ni jino lake la chonge linalojiandaa kuota. Kulichimbua kwa wembe au spoku ya baiskeli kumeua watoto kwa kuvuja damu na pepopunda, na walionusurika huota meno yenye kasoro. Anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi, zinki na kituo cha afya.

Fungu la pili: njia za kulishughulikia shimo

Hapa sasa ni asubuhi. Tabora mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete ndiyo wengi wanayoanzia. Ukiwa Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua au Sikonge, ulizia kwanza hospitali ya wilaya kama tabibu wa kinywa na meno yupo siku hiyo na kama vifaa vya kuzibia vipo, kabla hujapanda basi na mtoto analia. Simu moja inaokoa nauli. Uliza pia juu ya malipo: sera ya nchi inawasamehe watoto chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, lakini vifaa vikikosekana unaweza kuelekezwa kwingine, ni vizuri ujue mapema.

*Matone ya madini ya fedha na floraidi*

Kazi yake: tabibu hukausha jino, hupaka tone la dawa shimoni kwa brashi ndogo, husubiri kama dakika moja, basi. Madini ya fedha huua bakteria, floraidi hugandisha sehemu iliyolainika, na uozo husimama. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Hupakwa tena, mara nyingi kila baada ya miezi sita.

Inachoshindwa: haizibi tundu. Chakula kitaendelea kunasa, na mswaki lazima ufike pale. Wala haitibu jino ambalo kiini chake kimeshashambuliwa.

Hatari yake: sehemu iliyooza inageuka nyeusi, na weusi huo hautoki. Wazazi wengine hawaupendi kwenye meno ya mbele, na hawana kosa. Mtoto anacheka na watu. Wengine wanauona weusi huo kama alama kwamba uozo umelala. Ikigusa mdomo au kidole huacha doa linalofifia lenyewe baada ya siku kadhaa. Mwenye mzio wa madini ya fedha asipakwe.

Inamfaa nani: mtoto mdogo sana au mwenye hofu, asiyeweza kukaa kitini; mwenye mashimo mengi kwa wakati mmoja; anayeishi mbali. Hakuna sindano, hakuna mashine, hakuna kilio. Si kila kliniki inayo, hivyo itaje unapouliza.

*Kuziba kwa vifaa vya mkono*

Hii ina historia ambayo Watanzania wengi hatuijui. Ilianzia hapahapa nchini, katikati ya miaka ya 1980, kwenye shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale walipotafuta namna ya kuokoa meno ya watu wasio na umeme wala mashine ya kuchimbia. Badala ya kuchimba, tabibu hukwangua sehemu iliyolainika kwa vijiko vidogo vya chuma, kisha hujaza kwa simenti nyeupe ya meno iitwayo glasi ayonoma, inayoshikamana na jino na kutoa floraidi kidogokidogo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe duniani kote. Leo inatumika kila bara, na mwanangu wa pili ana simenti hiyo kwenye gego.

Kazi yake: inaziba chanzo. Chakula hakiingii tena, bakteria waliobaki chini wanakosa sukari, jino linaendelea kutafuna. Mara nyingi haihitaji sindano, kwa sababu kinachokwanguliwa ni sehemu iliyokwisha kufa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, tochi inatosha.

Inachoshindwa: tundu lililo juu ya gego peke yake huzibika vizuri na kudumu. Tundu lililo kati ya meno mawili, linalogusa pande mbili au zaidi, simenti huvunjika au kutoka mapema zaidi. Ikitoka, rudi. Wengi huona aibu au hukata tamaa, wakasema "niliziba, haikusaidia." Na kama jino lina usaha, kuziba juu yake ni kufungia moshi ndani ya nyumba.

Inamfaa nani: mtoto anayelalamika akila vitamu au baridi tu, na anayeweza kukaa kinywa wazi kwa dakika kama kumi na tano au ishirini. Kwa shimo la aina hii, mimi siioni sababu ya kukimbilia kung'oa.

*Kutibu kiini na kuvisha kofia ya chuma*

Kiini kikiwa kimeshambuliwa juu lakini mizizi bado hai, daktari hutia ganzi, huondoa sehemu ya juu ya kiini, huweka dawa, kisha hufunika gego lote kwa kofia ndogo ya chuma. Wakati mwingine, jino likiwa halijafika huko, kofia huvishwa juu ya uozo bila kuchimba, na matokeo yake ni mazuri. Jino likivishwa hudumu mpaka siku yake ya kung'oka.

Gharama na safari ndizo zinazokwaza. Inahitaji daktari mwenye ujuzi wa watoto, picha ya mionzi na kofia za ukubwa tofauti. Unaweza kupewa rufaa, labda mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa familia ya Uyui kijijini hiyo ni nauli, siku mbili za shamba, na mahali pa kulala.

Inamfaa nani: mtoto wa miaka mitatu hadi saba ambaye gego lake lina miaka mingi ya kazi mbele, na familia inayoweza kufika. Anayeweza asiiache kwa sababu tu "ni la utoto".

*Kung'oa*

Kung'oa kuna sifa mbaya kwa watoto na sifa nzuri kupita kiasi kwa wazazi.

Kazi yake: kunaondoa chanzo chote siku moja. Kwa jino lenye usaha, lililovunjika mpaka fizini, au lililokaribia muda wake wa kung'oka, ni tiba halali na mara nyingi ndiyo bora. Ganzi ikishika vizuri, mtoto husikia kusukumwa zaidi kuliko maumivu. Usimwambie "hutasikia kitu", maana akisikia hata kidogo hatakuamini tena. Mwambie atasikia kama kubanwa, na wewe utamshika mkono.

Inachoshindwa: gego la utoto likitoka mapema, majirani zake huinama kwenye nafasi ile. Likitoka gego la pili la utoto kabla gego kubwa la kwanza la ukubwani halijaota, lile kubwa huja mbele likakalia nafasi ya mwenzake, na meno ya ukubwani huota yakipigana vikumbo. Meno ya mbele yakitoka mapema, nafasi huharibika kidogo tu, lakini matamshi na tabasamu huguswa.

Hatari yake: kabla ya sindano mwambie tabibu kama mtoto ana selimundu, tatizo la moyo la kuzaliwa, au huvuja damu kwa urahisi. Haya yanabadilisha maandalizi yote. Baada ya kung'oa, ang'ate pamba kwa nusu saa, asisukutue wala kunyonya kwa mrija kwa saa 24, ale uji uliopoa na vyakula laini. Mkalie karibu mpaka ganzi iishe, saa mbili au tatu, kwa sababu watoto hutafuna mdomo wao uliokufa ganzi bila kujua mpaka unavimba.

Gharama na safari: ndiyo huduma inayopatikana kwa urahisi kuliko zote, na ndiyo maana hutolewa hata pale ambapo kuziba kungetosha. Una haki ya kuuliza, kwa heshima, "Daktari, hili haliwezi kuzibwa?" Mara nyingine jibu ni hapana, na utatoka na moyo mtulivu. Mara nyingine ni ndiyo.

Kwa hali yako

Shavu likivimba kuelekea jichoni au chini ya taya, mtoto akashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, akawa na homa kali au akalegea, acha kulinganisha. Ni hospitali usiku huohuo. Na kwa kuwa mkoa wetu una malaria nyingi, homa ipimwe hata kama jino linaonekana wazi kuwa ndilo kosa. Na kipimo cha malaria kikitoka na ugonjwa, uvimbe bado uangaliwe. Yote mawili huweza kukaa kwa mtoto mmoja.

Mtoto ana miaka miwili, meno ya mbele ya juu yamekuwa kahawia, bado anaumia kidogo tu. Hapa mara nyingi ni chupa ya maziwa yenye sukari au juisi anayolala nayo. Matone ya fedha, kama yapo, yanaelekea kumfaa, na usiku apewe maji matupu. Mswaki wenye dawa ya floraidi kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na kabla ya kulala, ukiushika wewe.

Ana miaka minne au mitano, anaumia akila vitamu tu. Muda upo, lakini ni wa wiki, si wa miezi. Kuziba kwa vifaa vya mkono ndiko ningekoulizia kwanza. Dawa ya mswaki kwa umri huu ni kiasi cha njegere, na mzazi aendelee kumsaidia mpaka miaka saba au nane. Pipi na barafu za mfuko zikitolewa, zitolewe pamoja na chakula. Kulamba kidogokidogo kutwa nzima kunaumiza jino kuliko kula mara moja.

Anaamka usiku na jino, hakuna uvimbe. Parasetamoli au ibuprofeni kwa uzito, kisha kliniki ndani ya siku mbili tatu. Ukiweza kufika kwenye huduma ya kutibu kiini, uliza hiyo. Usipoweza, kung'oa si aibu wala si kumtelekeza mtoto. Kumwacha akeshe mwezi mzima ukisubiri nauli ya Mwanza ni vibaya zaidi.

Ana kijipu kwenye fizi lakini humwoni akilia. Usidanganyike na kimya chake kama nilivyodanganyika mimi. Aende, na jiandae kusikia neno kung'oa.

Yuko kijijini na tabibu huja kwa zamu. Tunza chupa ya parasetamoli ya watoto, chumvi na mswaki laini nyumbani, andika uzito wa mtoto kutoka kadi yake ya kliniki ukutani, na ulizie siku ya zamu kabla maumivu hayajaanza. Doa jeupe au kahawia linaloonekana leo lipeleke siku hiyo.

Ana miaka sita au saba, na linalouma liko nyuma kabisa. Kabla hujakubali ling'olewe, fungua kinywa chake mchana penye mwanga, uanze kuhesabu kutoka katikati ya meno ya mbele kuelekea nyuma: moja, mbili, tatu, nne, tano. Meno ya utoto huishia hapo. Lililo nafasi ya sita halijachukua nafasi ya jino lolote. Limeota lenyewe nyuma, kimya kimya, na wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Ni gego la ukubwani, na likitoka halina jingine la kulifuata.